Unga wa Jirani Yangu

Mvua za masika zilipokosekana kwa mara ya pili huku kwetu Ganze, nilikuwa mzee wa kanisa, na nyumbani kwangu mlikuwa na mahindi. Yalikuwa uchagani, juu ya meko, magunia mawili na kitu. Mke wangu alitaka tuwagawie majirani. Nilimkatalia. Nilisema yakijulikana hayatamaliza wiki. Basi hatukutwanga, maana mlio wa kinu husikika boma hadi boma, wala hatukuyapeleka mashineni. Tuliyachemsha mazima, mlango umefungwa, tukayala kimya kama wezi.

Jirani yetu mmoja, mjane aliyelea wajukuu watatu, alikuja asubuhi na bakuli tupu.

"Hodi, mzee. Naomba hata kisahani cha unga."

"Hata sisi hatuna, mama. Tumwombe Mungu tu."

Akanitazama tumboni, akacheka. "Wewe maombi yanakunenepesha. Haya, niombee hayo hayo."

Nikamwombea palepale uani, hatua chache kutoka jikoni. Nilimkumbusha Mungu mana aliyowashushia Waisraeli jangwani. Mama yule akaitikia "Amina" kwa moyo wote, akaenda zake na bakuli lake.

Siku ya tatu chakula cha msaada kililetwa shuleni. Mimi sikwenda, nilijua sistahili. Mchana mama yule akaja tena, safari hii bakuli limejaa.

"Sikukuona kwenye foleni, mzee. Nimegawa nusu kwa nusu. Mtu aliyeniombea hawezi kulala njaa."

Mke wangu alinigeukia, akangoja. Kuukataa unga ule kungekuwa kueleza kwa nini. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikapokea. Ugali ulipoiva mke wangu hakuugusa. Mimi nilikula.

Mvua ilirudi, na miaka ikapita. Nilihesabiwa mtu wa imani, nikaacha watu waseme hivyo. Mwaka jana ndipo nilipokwenda kwa yule mjane kumwambia. Alikuwa ameketi mkekani akipukuchua kunde. Nilimweleza yote, uchaga na mlango uliofungwa, bila kujitetea.

Aliziweka kunde chini.

"Na unga wangu uliula?"

"Niliula, mama."

"Siku zile tatu wajukuu wangu walikula mchicha wa porini na chumvi. Mdogo alilia mpaka sauti ikamkauka. Nilimwambia Mungu, wewe huwasikii wajane. Nilimwambia hivyo kwa kinywa changu, mzee, na mpaka leo namwomba radhi kwa neno lile."

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Nilidhani kosa langu lilikuwa mahindi.

"Alisikia," nikamwambia. "Alisikia siku ileile, akakuleta kwangu. Mimi ndiye niliyezuia. Radhi hiyo niiombe mimi."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Alivuta ungo wa kunde karibu yake, akaendelea kupukuchua.