Ukurasa wa Vijana

Mkuu wa shule aliponiambia nipendekeze mchapishaji wa kuagiza kwake vitabu vya hadithi, niliona bora niwaulize wasomaji wenyewe. Nilikuwa nafundisha Kiswahili sekondari moja pale Katubuka, karibu na ziwa, na wasichana wanne wa kidato cha pili walizoea kubaki baada ya vipindi kusoma vitabu vya kabatini. Vyote walikuwa wameshavimaliza, vingine mara tatu.

Nikaweka bando kwenye kishikwambi cha kazini, tukakaa kwenye ngazi za darasa ambako mtandao unashika, tukafungua tovuti tatu za wachapishaji.

Ya kwanza ilijaa picha za wakubwa wakikata utepe, na vitabu vimepangwa kufuata mihtasari ya masomo. Msichana mmoja, anayetoka Mwandiga na ambaye kwao huzungumza Kiha, aliitazama kwa muda.

"Madam, hawa wanaongea na wewe," alisema. "Sisi hawajatuona."

Ya pili ilikuwa na sehemu ya vijana. Tulipoibonyeza, tukakuta neno moja tu: "Inaandaliwa."

Ya tatu ilikuwa ya ng'ambo, kwa Kiingereza chepesi. Iliuliza: unataka kuogopa, kucheka au kulia? Wakabishana, wakachagua kulia. Ikawapa sura nzima ya kwanza ya hadithi ya msichana anayemuuguza mama yake. Yule wa Mwandiga akaisoma kwa sauti, mimi nikimsaidia maneno magumu. Alipofika mwisho wakataka kitabu kizima. Tukabonyeza kuagiza, ikatoka orodha ya nchi wanakopeleka vitabu. Yetu haikuwemo. Yule wa Mwandiga akaipitia tena, kidole kikishuka taratibu kwenye kioo.

"Labda wamesahau," alisema.

Kesho yake aliniletea barua ya kwenda kwa wale wa tovuti ya pili, akiwaomba watoe hadithi kama ile, ila iwe ya watu wa ziwani huku kwetu. Nikaichapa, nikaituma. Kwa wiki kadhaa alinisalimia kila asubuhi, "Shikamoo madam. Wamejibu?" Baadaye ikabaki shikamoo tu.

Mimi niliandika kurasa mbili za mapendekezo. Mkuu alizisoma zote, ni muungwana.

"Mwalimu, nakuelewa," aliniambia. "Lakini matokeo yetu unayajua."

Muhula uliofuata likaja boksi kutoka kwa wale wa kwanza. Vyote vilikuwa vitabu vya maswali na majibu ya mtihani.

Nilimwona yule msichana akikifunua kimoja ofisini, akakipekua mpaka mwisho, akakirudisha. Nikamuuliza kama bado angependa tuwe tunabaki. Akasema siku hizi anahitajika nyumbani jioni, kuna mihogo ya kumenya. Wenzake walikuwa wameshaacha. Nilibaki peke yangu siku mbili tatu, nikisahihisha madaftari, kisha nami nikawa naondoka kengele ikilia.