Korongo Niliyepewa Sigino

Mmeniuliza sana, kanisani na bombani, kwa nini nilikwenda Sigino kuposa nikarudi mikono mitupu. Nasimulia mara moja.

Mjukuu wangu Elibariki alitaka kumwoa Paulina, binti wa mkulima wa Sigino. Baba yake Elibariki ni marehemu, kwa hiyo posa tuliipeleka mimi na shemeji yangu Yohana. Kazi hiyo ni ya wanaume, lakini hakuna aliyenizuia kwa sababu hakuna aliyethubutu.

Asubuhi tulitoka Mutuka kwa bajaji. Babati mjini tukashuka sokoni kununua blanketi la mama wa binti. Hapo Yohana akanisihi, "Shemeji, leo uchunge mdomo. Wale ni watu wa heshima."

"Na mimi ni mtu wa nini?" nikamuuliza. Akaenda kulipia blanketi.

Kutoka mjini tulipanda gari la abiria, Noah, kisha tukatembea kando ya bonde lenye majani marefu. Nilipokuwa msichana, bonde kama lile lilijaa korongo wenye taji, wanacheza wawili wawili mpaka mchungaji anasahau ng'ombe. Siku ile nilitazama bonde zima nikamwona mmoja tu, amesimama peke yake, anaita.

Mchana tukafika. Baba Paulina alitupokea vizuri: kuku, wali, soda, majirani wamejaa uani. Katikati yao alitembea korongo, taji lake la dhahabu limesimama, watoto wanamrushia mahindi. Bawa moja lilikuwa limekatwa manyoya.

Posa ikapokelewa. Ndipo Baba Paulina akasimama. "Mama, mgeni kama wewe haondoki hivi hivi. Huyu korongo ndiye pambo la nyumba hii. Tumekupa."

Watu wakapiga makofi. Nikauliza, "Mlimpata wapi?"

"Bondeni, akiwa kifaranga."

"Serikali si imekataza?"

"Imekataza kuua, mama. Sisi tunampenda. Nani hapa anaweza kumdhuru korongo?"

"Na kukamata wamekataza," akasema mama mmoja nyuma, kisha akajifanya anakohoa.

Yohana akanikanyaga mguu. Nilijua anachoogopa. Kukataa zawadi ya wakwe mbele ya majirani ni kuivunja posa, na Elibariki asingenisamehe. Lakini nikimleta ndege yule Mutuka, kila mtu atataka wake.

Nikasimama. "Nimempokea. Ni wangu?"

"Ni wako kabisa, mama."

"Basi mali yangu haikatwi manyoya. Itakaa hapa mpaka yaote, kisha itakwenda inakotaka. Atakayeikata au kuikamata tena, amemwibia mkwe wake."

Baba Paulina akakuna kichwa. "Yaani unaniachia ndege nimlishe, halafu aruke?"

"Paulina naye ulimlisha, na sasa anaondoka. Umemkata mguu?"

Yule mama aliyekohoa akaanza kucheka, wakafuata wengine. Mwishowe hata mwenye nyumba akacheka, akasema neno langu amelisikia na majirani ni mashahidi.

Jioni tulirudi. Taa za mjini zilipoonekana, Yohana akanigeukia. "Shemeji," akasema, "siku moja utatuletea balaa." Nikamwambia siku hiyo si leo.

Ndoa imeshafungwa. Mwezi uliopita Baba Paulina alinipigia simu. "Mama, ndege wako ameruka. Yuko bondeni na yule mwingine. Watoto huku wanalia."

"Wapeleke bondeni wakamtazame," nikamjibu.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wetu hawamchukii korongo. Wanampenda, kila mmoja anataka wake uani, na uani hazai. Ndivyo bonde lilivyobaki tupu, na sheria tunaijua. Hapa Mutuka kuna nyumba mbili zenye korongo. Sizitaji. Wiki hii nitapita kusalimia, na nitaangalia mabawa.