Masomo Yangu ya Uenjenieri Yamemrudisha Dada kwa Mume Anayempiga

(Barua hii imetufikia kutoka sehemu za Kabambare. Jina la mwandishi tumelificha, na majina ya watu wake tumeyabadili.)

Bwana mhariri, naomba jina langu lisionekane, kwa sababu hapa kwetu gazeti moja husomwa na mji mzima. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na moja, mtu wa kabila la Wamaza, Muislamu, bado sijaoa. Nimemaliza sekondari kwa mapadri wa Kasongo, na katika kijiji chetu ni mimi wa kwanza kufika hapo. Mngedhani nina furaha. Lakini siku hizi nikipita barabarani natazama chini, na watu wakiniita “Bwana Enjenieri” natamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba yangu analima pamba na mpunga. Zamani alitumikishwa kwenye barabara ya Kabambare, ile kazi ya lazima, chini ya enjenieri mmoja Mzungu aliyekuja na chombo chake cha kupimia, chenye miguu mitatu. Alikuwa anachungulia, anaonyesha kidole, na watu wanachimba upya mahali walipokwisha kuchimba. Baba hakusahau. Tangu nijue kuhesabu alikuwa akiniambia, “Mutoto wangu, weye ndiye utachungulia mule. Miye nimechimba, inatosha.”

Sasa vyuo vikuu vinavyoweza kunipokea ni viwili. Kimoja ni cha Leopoldville. Pale uenjenieri unafundishwa mpaka mwisho. Serikali imekubali kunisaidia, lakini mwaka wa kwanza wa kujitayarisha ni juu yetu wenyewe, pamoja na safari yote ya kamyo ya mizigo, gari-moshi na meli, tena blanketi, viatu, kostimu ya kuvaa chuoni na vitabu. Kingine ni cha Elisabethville. Huko mjomba wangu ni fundi, anakaa kampi ya wafanyakazi wa shaba, na amesema nitalala kwake na kula kwake. Gharama yake ni ndogo sana. Ila pale nimeambiwa nitasoma hesabu na sayansi tu. Uenjenieri wenyewe haujaanza, na hakuna anayejua utaanza lini. Huenda nikamaliza nikawa mwalimu wa hesabu.

Tulipokuwa bado tunapima mambo hayo, dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya Zaina, alirudi nyumbani kutoka Lusangi, alikoolewa na mchuuzi wa nguo. Alikuja kwa miguu, mkono umefungwa kitambaa, jicho limevimba. Haikuwa mara ya kwanza. Safari hii alisema ndoa ile haitaki tena. Mume akamtuma ndugu yake na maneno mafupi: mukitaka aachwe, murudishe mahari.

Cha kurudisha kilikuwapo. Tulikuwa na mauzo ya pamba ya baba, na mbuzi. Lakini vyote vilikuwa vimewekwa kwa ajili ya Leopoldville.

Baba alituita sisi wawili baada ya sala ya adhuhuri, tulipomaliza kula. Hakumtazama dada. Akasema, “Zaina, uvumilie kidogo. Mudogo wako akipata diplome, atarudisha mahari yako yote.”

Dada akamjibu kwa upole, “Baba, diplome iko mbali. Na mwili wangu huu iko moja tu.”

Kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

Ndugu wasomaji, aibu yangu iko hapo. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, Elisabethville, na dada angebaki nyumbani. Nililijua neno hilo, lilikuwa mdomoni. Badala ya kulisema nikaanza kuokota punje za wali mkekani, moja moja, kama mtu mwenye kazi. Baba akachukua kimya changu kuwa ni kukubali. Kesho yake yeye mwenyewe alimsindikiza dada mpaka Lusangi.

Tangu hapo majirani wananiletea kuku, karanga, mafuta ya mawese, wananiombea dua ya safari. Nakula. Chakula kinapita, lakini usingizi hauji.

Wiki iliyopita niliazima baiskeli nikaenda Lusangi. Dada alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga mpunga. Chini ya sikio alikuwa na alama mpya. Alinipa maji ya kunywa, akauliza habari za baba. Nikamwambia, “Yaya, sema neno tu. Ukisema, namwambia Baba naenda Elisabethville, uachwe.”

Akasimamisha mchi. “Usiniulize miye,” akasema. “Ukiniuliza nitakuambia uende Leopoldville, sababu nakupenda, na weye utaenda na moyo mweupe. Ile sitakupa.” Akaendelea kutwanga.

Niliporudi nilimwuliza baba kama Elisabethville ingekuwa mbaya sana. “Kama unaenda kule,” akasema, “basi miye nilimurudisha Zaina kwa sababu gani?” Akachukua jembe akaenda shambani. Tangu siku ile hataki kula nami sahani moja.

Kamyo ya pamba inayokwenda Kindu iko karibu kuondoka, na vyuo vyote viwili vinangoja jibu langu. Nikichagua masomo ya bei ndogo, dada atatoka kule, lakini nitakuwa nimemwonyesha baba kwamba alimpeleka mtoto wake kupigwa bure, na uenjenieri huenda nisiuone kamwe. Nikipanda kamyo, kila daraja nitakalojenga litakuwa limelipwa na mwili wa yaya Zaina. Ninyi mliosoma, ninyi wazazi, nielekezeni njia, maana mimi peke yangu nimeshindwa. Na kama kati yenu kuna mwanamke aliyerudishwa kwa mume namna hiyo kwa ajili ya masomo ya ndugu yake, namwomba yeye aniandikie kwanza. Jibu lake nitalisoma kabla ya mengine yote, hata kama ni la kunitukana.