Kijiti cha Alama Tatu

Wiki iliyopita nilivua viatu mbele ya mtu nisiyemjua, na kwangu hilo si jambo dogo. Hata harusini hukaa nimefunika miguu kwa kitenge. Lakini maumivu hayajui aibu. Kidole cha pili cha mguu wa kulia kimeota sugu juu ya kifundo, na kila nikitoka Majengo kurudi nyumbani Lizaboni nafika nachechemea. Basi nikapiga moyo konde, nikaenda kliniki.

Daktari alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa. Aliniamkia, "Shikamoo, mama," akanikalisha, akakishika kile kidole kilichojikunja kama ndoana na kukinyoosha taratibu. Kikanyooka, kwa kusitasita. Alifurahi kuliko mimi. Akanieleza kwamba kidole kinachokubali kunyooshwa kwa mkono bado kinaweza kusaidiwa bila kisu: viatu vipana mbele, kitu laini cha kukinga ile sugu, na mazoezi. Kikishakakamaa kabisa ndipo wanaanza kuzungumzia upasuaji. Akanionyesha na kidole gumba, ambacho nacho kimeanza kumlalia mwenzake, akasema viatu vyembamba ndivyo vinavyokichochea.

"Mazoezi yenyewe ni haya, mama. Mwaga maharage sakafuni, uyaokote kwa vidole vya miguu, moja moja, utie kwenye kikombe."

Nikaangua kicheko. Binti wa watu akadhani namdharau, ikabidi nimwombe radhi.

"Vilianza kupinda lini?" akauliza.

"Utotoni," nikasema, nikaishia hapo. Wewe nitakuambia yote.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, kule Mpitimbi. Kijijini kwetu wakati ule viatu havikujaribiwa. Duka la viatu lilikuwa mjini Songea, na mtoto hakupandishwa gari kwa ajili ya mguu. Kilichopelekwa mjini ni kipimo chake. Bibi ndiye aliyekuwa mpimaji, si wa wajukuu zake tu bali wa watoto wa upande wetu wote. Alikusimamisha jioni, baada ya shamba, kwa sababu, alisema, mguu wa asubuhi bado haujaamka na utakupa kipimo cha uongo. Ukasimama wima, uzito wote chini. Akalaza ubanzi mkavu wa mwanzi kando ya wayo wako, toka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu, akaongeza upana wa kidole chake kimoja cha mkono, akakata kwa kisu. Kisha akakichora kijiti alama za mwenyewe. Changu kilikuwa na alama tatu. Vijiti vyote alivichomeka kwenye nyasi za paa la jikoni, juu ya mafiga, vikanuka moshi pamoja na mahindi ya mbegu.

Siwezi kupita penye moshi wa kuni hadi leo bila kuliona lile jiko. Chungu cha maharage kikitokota tangu mchana, majani ya maboga yakisubiri karanga zilizotwangwa, na bibi akiimba wimbo wa kanisani huku akiruka maneno aliyoyasahau.

Mwaka niliotakiwa kupokea Komunio ya Kwanza, mjomba aliahidi kuninunulia viatu vyeupe akienda mjini kuuza mahindi. Sikulala kwa furaha. Tatizo langu lilikuwa moja: nilikuwa na miguu mikubwa. Siku moja wenzangu wa mafundisho walinitania kwamba nikipita shambani sihitaji jembe. Katekista mwenyewe alicheka siku hiyo, na hilo ndilo lililoniuma. Nikajiona nimevaa viatu vikubwa kama mitumbwi mbele ya altare, watu wote meno nje.

Basi mchana mmoja bibi akiwa kisimani, nilipanda kinu, nikachomoa kijiti cha alama tatu, nikakivunja ncha. Kipande kama upana wa vidole viwili, si zaidi. Nilikitupa motoni, nikakirudisha kijiti paani, nikaenda kufagia uwanja kwa bidii ambayo bibi hakuwahi kuiona.

Viatu vikaja siku mbili kabla ya sherehe. Vyeupe kabisa, vina kifungo cha kung'aa pembeni. Nikaingiza mguu, ukagoma. Nikasukuma hadi vidole vikajikunja ndani kama watu waliolala wengi kitanda kimoja.

"Vinakubana?" bibi akauliza.

"Havinibani, bibi."

"Nimefuata kijiti," mjomba akajitetea. "Nimekiingiza ndani mwenyewe, kimekaa sawasawa."

Bibi akamnyooshea mkono, akapewa kile kijiti. Akakitazama, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ncha. Kisha akakisukumia motoni, kikashika moto mara moja.

"Nimekosea mimi kupima," alisema. "Mtoto huyu atakwenda na ndala, na Mungu atampokea hivyohivyo."

Nililia mpaka kwikwi. Siku ya siku nikavaa viatu vyangu, nikajikaza kisabuni. Nilitembea kwenye maandamano nikitabasamu huku machozi yananilengalenga, na akina mama wakasema mtoto yule ana ibada sana. Wali na kuku vya siku hiyo nilivila nimekaa, na nilikataa kucheza ngoma. Na kwa kuwa kiburi changu hakikuwa kidogo, nikavivaa kila Jumapili kwa zaidi ya mwaka.

Bibi hakunigombeza. Kila jioni ya Jumapili alichemsha maji, akatia chumvi, akaniloweka miguu kwenye beseni. Akaipaka mafuta, akavivuta vidole kimoja kimoja, akakunja vipande vya khanga kuukuu na kuvipachika katikati yake. Kisha akamwaga maharage kwenye mkeka. "Okota," alisema, naye anakaa pembeni akichambua mboga. Likinidondoka, tunaanza upya. Jumapili moja nikaamka, viatu havipo. Alikuwa amempa binti wa jirani mwenye miguu midogo, wala hakuniuliza.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma kuliko kidole. Habari ya viatu vyangu ilienea. Yule jirani mwenyewe, aliyepewa viatu bure, alimwambia bibi kisimani mbele ya watu, "Siku hizi macho yamekwisha, bibi?" Bibi akajibu, "Yamechoka, mwanangu." Watu wakaacha kuleta watoto wao. Vijiti vikapungua paani, mwisho vikabaki vyetu tu. Nilikuwa nasikia yote, na kila siku nilikusudia kusema. Sikusema. Nilikua, nikaja mjini, nikaolewa, bibi akafa, nikamzika nikiwa kimya.

Jioni ile ya kliniki nilimwambia binti yangu, aliye darasa la tano, jinsi tulivyokuwa tukipimwa. Hakuamini. Nikamsimamisha sebuleni, nikalaza njiti ya fagio kando ya wayo wake, nikaongeza upana wa kidole changu. Kabla sijasimama kufuata kisu, akaidaka ile njiti na kuivunja kwa mikono. "Haya, tayari," akasema.

Nikaitazama ile ncha. Imechanika, ina nyuzinyuzi.

Nilikaa chini palepale. Bibi alikata kwa kisu, siku zote, kila kijiti, ncha safi kama ukucha. Yule mwanamke alipitisha kidole kwenye ncha ya kijiti changu mbele ya mjomba na mbele yangu, akagusa zile nyuzi, akajua. Ndiyo maana akakichoma. Halafu akasema kakosea yeye, akaendelea kusema hivyo kisimani na kanisani miaka yote, mikono ile ambayo haikukosea hata mguu mmoja.

"Mama, mbona unalia?"

"Nilivunja kijiti cha bibi," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti, na aliyelisikia ni mtoto asiyewahi kumwona.

"Si ungemwambia tu?"

Ningemwambia. Jiko la Mpitimbi sasa limeezekwa bati, hakuna pa kuchomeka kijiti, na watoto wa siku hizi hujaribu viatu dukani mbele ya kioo. Nilimtuma binti yangu alete maharage, nikayamwaga sakafuni, nikavua viatu. La kwanza likanidondoka. Nikaanza upya.