Nilimwambia "support yako itaisha", akaenda kupanga foleni ya msaada

Wakuu, salaam kwenu nyote. Hii naileta kama ilivyotokea, sijatia chumvi. Mtakaonicheka mnicheke, na mtakaonitukana nitawasoma pia.

Mimi ni fundi simu sokoni Nchelenge, Zambia, huku kwenye ziwa Mweru. Nimezaliwa ng'ambo, Kongo, kwa hiyo wateja wangu wengi ni wakimbizi wa Kongo walioko kambi ya Mantapala, wanaokuja kuuza mihogo. Kwangu tunaongea Kiswahili cha Kongo, kile cha "banasema" badala ya "wanasema", hawahangaiki na Kibemba wala Kiingereza.

Na nina mdomo. Utani ndio unaniletea wateja.

Mmoja wao ni Mama Ngoie. Mumewe alivuka kurudi Kilwa, upande wa Kongo, kumuuguza mama yake mzazi. Kupiga simu nchi kwa nchi ni gharama, basi mume alikuwa anamtumia voice note kwenye app ya kuchat. Mama hasomi vizuri. Hiyo ndiyo njia pekee waliyokuwa nayo.

Simu yake ni ya kizamani. Kioo kizima, betri inajitahidi, lakini walioitengeneza waliacha kuitolea update kitambo.

Siku moja akaja na simu mkononi.

"Fundi, hii maneno inatokaka kila siku. Inasema nini?"

Nilikuwa nimeinamia charging port ya mtu, chuma cha soldering kinawaka. Nikatupa jicho tu. Tangazo la app: support kwa simu hii inakaribia kuisha, fanya backup, hamia simu nyingine.

"Banasema support yako itaisha, mama."

"Support yangu? Banakata?"

"Eeh, banakata! Enda uulize benyewe."

Nikacheka. Jirani yangu anayeuza chisense, dagaa wa huku, naye akacheka. Mama Ngoie hakucheka, akaondoka. Nikarudi kwenye port yangu.

Sasa ninyi mlio mijini hamtaelewa. Mantapala neno support lina maana moja. Ni unga, ni mafuta, ni jina lako kwenye liste ya wanaopewa msaada.

Mama wa watu akaenda ofisi ya msaada, kapanga foleni siku mbili, kadi mkononi. Karani akatafuta, akamwambia jina lako lipo, hakuna aliyekukata. Akarudi nyumbani anamshukuru Mungu. Tangazo likitokea tena, anabonyeza OK roho kwatu.

Mpaka siku app ikajifunga.

"Fundi, simu inakatala. Haitaki kunipa sauti ya bwana yangu."

Nikamuuliza, si nilikwambia? Ndipo akanieleza habari ya foleni na karani. Wakuu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikamwahidi simu nyingine, nitaiunga kutoka kwenye mabovu yangu, bure kabisa. Ila mafundi mnatujua. Njoo kesho. Njoo kesho kutwa. Wanaolipa wakatangulia, zikapita wiki mbili na ushee.

Hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Utani ulinitoka bahati mbaya, lakini huo uzembe niliufanya kila asubuhi nikiwa na akili zangu timamu.

Nilipoweka laini yake kwenye simu ile, app ikafunguka. Zikaingia meseji tatu za mumewe. Mama akapiga makofi. Lakini sauti hamna. Kila moja imeandikwa tu kwamba ujumbe huu unasubiriwa, huenda ikachukua muda.

Kwa wasiojua: meseji zile zilifungwa kwa ufunguo wa simu ya zamani ya mama. Ili zifunguke kwenye mpya, lazima simu ya aliyetuma iwake, izitume upya.

Safari hii nilimweleza taratibu.

"Atawasha tu," akasema. "Anazimaka juu ya kukosa courant." Umeme wa kule ni wa shida.

Hakuwasha. Wiki ile ile akaja mchuuzi wa samaki kutoka Kilwa, mtu wa kijiji chao, akamkuta mbele ya meza yangu. Mumewe alikuwa ameshazikwa. Homa. Aliugua siku nne, na siku zote hizo walimsikia akiongea na simu yake. Simu yenyewe hakuna anayejua iliko.

"Aliongea nini?" Mama Ngoie akauliza.

Yule mtu hakujua.

Hakulia hapo sokoni. Alinigeukia mimi. "Fundi, nijue tu kama alikuwa ananiita, ao alikuwa ananikataza nisikuye kwake."

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza cha mwenzangu.

Nilichojifunza: mtu asiyesoma akikuuliza skrini inasema nini, weka chuma chini. Mweleze, halafu yeye akurudishie kwa maneno yake. Na kagueni simu za wazazi wenu leo. Tangazo kama hilo likitokea, wahamisheni mapema simu ikiwa bado inafunguka, msifanye kama mimi.

Kama kuna fundi humu anajua njia ya kufungua meseji zile bila simu ya marehemu, aandike hapa chini. Nimetafuta sana, na nadhani haipo.

Kila Jumamosi anakuja, ananikabidhi simu, naangalia zile tatu, namwambia bado. Anasema aksanti, anarudi Mantapala. Sijathubutu kumwambia hapana.