Dende wa Jikoni kwa Bibi

Juzi sokoni Kadutu nilisikia dende wakilia ndani ya kapu, nikasimama. Ningerudishiwa siku moja tu ya utoto, ningechagua ile tonton, mjomba wetu, aliponiita twende Kamanyola, nami ningemwambia hapana.

Mwaka ule mvua ilikata kilima juu ya nyumba yetu. Sisi tulipona, Mungu asifiwe, lakini udongo ulishuka na shamba lote la maharage pamoja na mbuzi. Tukabaki na ugali wa muhogo na sombe, majani yake, bila mafuta. Mdogo wetu wa mwisho ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Miguu yake ikavimba, nywele zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi, akaacha kutembea. Jirani alimtazama, akasema neno tuliloliogopa wote: "Bwaki," ugonjwa wa mtoto aliyekosa nyama na maziwa.

Jikoni, kati ya mafiga na kuni, bibi alifuga dende, wanyama wadogo wasio na mkia, wanaozaana haraka na kushiba majani na maganda. Kwetu mwanaume hagusi nyama hiyo. Baba alinusa mchuzi, akacheka.

"Mama, ile panya yako njo unapikia batoto?"

"Njo hiyo! Na wewe, mwanaume, usiombe hata mufupa."

Basi hakuna mkubwa aliyemnyang'anya mtoto sahani. Mimi nilikata majani asubuhi na kuyaanika kidogo, maana yenye maji huwaumiza dende tumbo. Bibi aliichambua nyama kwa vidole, akaiponda ndani ya uji wa muhogo. Uvimbe ukashuka taratibu. Siku moja mtoto alisimama, akashika kaptula yangu, akanifuata hadi mlangoni. Bibi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio.

Ndipo tonton akafika kutoka Kamanyola, akataka kunichukua nikaishi kwake. Baba alisema tumbo moja likipungua, mengine yatashiba. Bibi alinisihi: "Baki, mutoto anakuzoea." Nilienda. Nilimhurumia baba, kweli, lakini pia nilitamani wali wa Kamanyola.

Huko nikasoma, nikapata kazi, nikachelewa mno kurudi. Bibi hayupo tena, wala jiko lake la moshi. Namshukuru kila nimwonapo mdogo wangu, mwanamke mrefu, mwenye nguvu, mama wa watoto. Hunipa kiti cha wageni. Ndugu zetu wengine huwaita yaya, kama mdogo amwitavyo mkubwa wake. Mimi huniita Papa, kwa heshima, kama amwitavyo mzee yeyote wa mtaani. Alikua bila mimi, na kwake sikuwa ndugu tena.