Mchango Wangu wa Mtaro

Nimeshajicheka vya kutosha, sasa ni zamu yenu. Mvua ikinyesha, maji huingia kwenye karakana yangu ya sofa hapa Keko. Juzi niliyaacha yakiwa yametuama ndani, nikakimbilia mkutano wa mtaa kuomba mtaro upite kwangu.

Mwenyekiti akasema, "Tunapokea michango kuhusu mtaro. Tuanze na fundi sofa."

Mchango! Mie nikajua mfuko wangu unatafutwa. Na kitu ukikitaka, sharti ukiponde kwanza ndiyo bei ishuke. Nikasimama.

"Shikamoo mwenyekiti. Huo mtaro wala sina haja nao sana. Kwangu maji hayaingiagi, pakavu kabisa. Labda mkinipunguzia, nitafikiria."

"Marahaba. Nikupunguzie nini?"

"Si huo mchango?"

"Mchango wa mawazo, fundi! Hela ipo, tunauliza upite wapi. Basi kama kwako pakavu, tuupeleke kwa Mama Neema."

Mama Neema, muuza chapati, jirani yangu ukuta kwa ukuta, akainama kuniangalia miguuni.

"Pakavu?" akauliza, mkutano mzima ukigeuka kutazama. "Na hayo mabuti ya mvua, baba, umevalia harusi?"